Uji wa Vitu Kumi na Kimoja

Krismasi iliyopita binti yangu Moraa alikuja kunisalimia hapa kwangu, karibu na Roret, mtoto wake wa miezi saba akiwa mgongoni na blenda ikiwa mkononi. Nguo za mtoto zilikuwa tatu tu. Blenda ilikuwa na mkoba wake peke yake. Kesho yake asubuhi, kabla sijatoa tongo machoni, aliiweka juu ya meza yangu, akaegemeza simu kwenye birika la chai, na simu ikaanza kumfundisha kupika kiamsha kinywa cha mtoto. Avokado ikaingia. Kiini cha yai kikaingia. Spinachi ikaingia, na ndizi mbivu iliyokuwa imeanza kulia maji, na maini ya kuku yaliyochemshwa, na mwishoni maziwa kidogo ili hao wote washikane mikono. Akabonyeza. Ile kelele iliamsha ng'ombe mpaka wa ng'ambo ya mto. Kilichotoka mle ndani kilikuwa na rangi ya kile kitu ng'ombe anakirudisha mdomoni akiwa amelala kivulini, na kilikuwa hai, naapa, kilikuwa kinatoa viputo chenyewe bila kuguswa. "Baba," Moraa akaniuliza akilamba mwiko, "kwani mimi mlikuwa mnanipa nini asubuhi?" Nilitoka nje nikanawa uso kwenye tangi la maji mara mbili.

Mimi ni mtu wa kucheka. Hata kanisani wananiomba nikae viti vya nyuma ili nisiwaambukize wengine wakati wa mahubiri. Kwa hiyo mtu akiniona nimeshikwa na kinyaa anafikiri ni mzaha. Si mzaha. Naweza kufungua mbuzi kwa mikono yangu nikipiga mluzi, na nimewahi kumtoa panya aliyeoza kwenye dari ya shule, lakini nipe bakuli la kitu kilichopondwa, chenye mabonge na ute, halafu kijiko kidogo cha plastiki kandokando, na mimi ni mtu aliyekwisha. Ugonjwa huo una mwaka wake. Ni ule mwaka nilipovunjika mguu, nikiwa na miaka ishirini na minne, nikakaa nyumbani kupika uji wa mtoto huku mke wangu akienda kuchuma majani chai. Nimeandika mambo mengi tangu nijue kuandika, na kusoma nilisoma nikiwa mtu mzima, darasa la ngumbaru, jioni baada ya kazi, dawati moja na wazee ambao meno yao yalibaki nyumbani. Lakini jambo hili sijawahi kuliandika. Kila nikianza, harufu inakuja kwanza.

Tulikuwa tunakaa chumba kimoja cha mabati nyuma ya duka la mbolea. Harufu ya mbolea ndiyo ilikuwa manukato ya nyumba. Ukiishi nayo mwezi mmoja, waridi linakunukia vibaya. Kitanda kilikuwa upande mmoja, pazia la maua katikati, na upande wa pili jiko la makaa, sufuria mbili, ndoo ya maji, na mimi, nimenyoosha mguu wa plasta juu ya kreti ya soda kama chifu. Nilikuwa nimeanguka kwenye mtaro shambani, kikapu kimejaa majani mgongoni, na wakati kikapu kilikuwa kimeamua kwenda kushoto, mguu ulikuwa umeamua kulia. Kerubo, mke wangu, akachukua kikapu changu na aproni yangu ya plastiki, akaenda kuchuma badala yangu kwenye shamba la jirani yetu Mama Chebet. Saa kumi na mbili asubuhi alikuwa ameshamnyonyesha Moraa na kutoka. Angerudi saa nane, saa tisa, majani yakishapimwa. Katikati hapo mtoto wa miezi saba alikuwa wangu. Kerubo aliniachia unga wa wimbi kwenye kopo na maagizo mafupi. "Baba Moraa, chemsha, koroga, poza, mpe. Ni uji tu. Hata wewe unaweza."

Niliweza kuchemsha. Niliweza kukoroga. Kazi ilikuwa kwenye kupoza, maana uji ukipoa unavaa ngozi. Hakuna mtu alikuwa ameniambia hivyo. Mimi uji nilikuwa nimekunywa maisha yangu yote ukiwa moto, kwa kikombe, macho yakiangalia mahali pengine. Sasa nilikuwa nauangalia. Ngozi ile ya kijivu ilijikunja nilipoigusa na kijiko, ikashika kijiko, ikainuka nacho nzima kama kitambaa cha mtu mwenye mafua. Nikaitupa kwa kuku wa jirani. Kuku akaitazama akaenda zake. Baada ya hapo nikawa naongeza maji ili uji usivae ngozi, na siku ya pili nikaongeza maji tena, mpaka mwisho wa wiki Moraa alikuwa anakunywa maji yenye kumbukumbu ya wimbi. Na bado kulisha kwenyewe kulinishinda. Kijiko kinaingia kimejaa, kinatoka nusu, halafu kile kilichoingia kinarudi polepole kupitia kidevuni, kikiwa kimechanganyika na mate na maziwa ya usiku, kinapita shingoni, kinaingia kwenye yale makunjo ya mtoto ambapo hata malaika hawezi kufika na kitambaa. Nilikuwa namlisha nimegeuza uso ukutani, pumzi nimeibana, nikipapasa mdomo ulipo kwa kijiko kama mtu anayetafuta tundu la kufuli gizani. Siku moja nilimlisha sikio.

Kisha ikaja siku ya kliniki. Zahanati ilikuwa mwendo wa dakika ishirini, kwa magongo yangu ilikuwa safari ya Waisraeli. Sista wa pale alikuwa mama mnene mwenye sauti ya kanisani, na alikuwa na mzani wa kuning'inia, ule wenye kaptula ya kitambaa ambayo mtoto anawekwa ndani anabaki akielea na kuona dunia. Akasoma, akaandika kwenye kadi, akaniangalia juu ya miwani. "Baba, kilo sita na nusu. Huyu mwezi jana alikuwa sita na nusu. Unaona hii mistari? Anaanguka." Mistari niliiona. Kusoma sikuweza, kwangu ilikuwa kama njia za siafu, lakini niliitikia kwa kichwa kama profesa. "Asubuhi anakula nini?" Nikamwambia uji. "Mwepesi ama mzito?" Kerubo, aliyekuwa amepata ruhusa ya saa mbili, akajibu badala yangu: "Sista, ukimwaga chini unaona udongo." Sista akaniambia maneno ambayo mpaka leo naweza kuyakariri: uji ushike kijiko, uponde ndizi au kiini cha yai humo, maharagwe yaliyotolewa ganda, avokado, maini kidogo mara moja moja, kitu kimoja leo na kingine kesho. "Mwezi ujao nikimpata hivi, nawaandikia barua mwende hospitali kubwa, alazwe. Na akifika huko akiwa amekonda, kifua kidogo tu kinamchukua. Mimi siwatishi. Nimezika wa umri huu." Njiani kurudi Kerubo alitangulia mbele mpaka kwa daraja. Hapo akasimama. "Baba Moraa, mwezi mmoja. Ikishindikana namchukua naenda naye kwa mama yangu kule Nyamira, na huko tutakaa mpaka atembee."

Nilikuwa mtu wa masihara lakini hilo nililisikia mpaka kwenye plasta. Kuanzia kesho yake nikawa mpishi. Nilichemsha maini. Kama hujawahi kuponda maini kwa uma saa moja asubuhi ukiwa hujala, usinieleze habari ya ujasiri. Yanatoa maji ya rangi ya kutu, yanakuwa kama mchanga uliolowa damu, na uma unapopita yanalia, chwii. Nikaponda avokado, nikigeuka kuchukua kijiko, avokado imeshakuwa nyeusi kama inaomboleza. Kiini cha yai nikakisukuma ndani ya uji wa moto, kikaacha nyuzi za njano zinazonata. Nilikuwa na kitambaa nimejifunga puani, cha Kerubo, chenye maua, na ndivyo wanaume wa pale dukani walivyonikuta. "Daktari Zablon!" wakawa wananiita. "Leo unapasua nani?" Mmoja akasema ati amesikia naajiriwa yaya, nikimaliza na huyu naenda kwa mwingine. Nilicheka nao, kisha nikageuka nikatapika kwenye ndoo ya majivu, nikapangusa mdomo, nikarudi kwa mtoto. Na Moraa alikula! Si kwa furaha, alikuwa akinitazama kwa lile jicho la mtu aliyeuziwa ng'ombe mgonjwa, lakini alikula.

Ajabu ni kwamba aliyekuwa akinitia kinyaa zaidi alikuwa mke wangu. Jumapili moja tulikuwa na mahindi ya kuchemsha, Kerubo akauma hindi, akatafuna, akatafuna, akiongea huku anatafuna, habari ya bei ya sukari, halafu akatoa lile donge mdomoni kwa vidole viwili na kuliingiza kwenye kinywa cha mtoto. Nilipiga kelele kama nimeona nyoka. "Ni nini?" akauliza. "Umetoa mdomoni!" "Sasa atatafuna na nini, na kiatu? Mama alitulea hivi sote tisa." Nikamwambia hiyo haiwezekani, hayo ni mate. "Kwani mdomo wangu una nini, Baba Moraa? Jana usiku haukuwa na mate?" Nikatoka na magongo nikaenda kusimama nyuma ya choo, mahali ambapo, nakiri, hewa ilikuwa afadhali.

Shida yangu ilikuwa moja: mwezi ni mrefu kwa mtu anayengoja. Nilitaka kujua kila wiki kama mtoto anaongeza. Na sisi watu wa majani chai, ukituambia kitu kizito tunajua mahali pa kukipeleka. Juma lililofuata, alasiri, nikamfunga Moraa na leso, nikajikongoja mpaka banda la kupimia majani, ambako wachumaji walikuwa wamepanga foleni na magunia yao, na mvua ya Kericho ile ya kila siku ilikuwa ndiyo inaanza. Karani alikuwa kijana mmoja anayeitwa Ng'eno, mwenye kalamu mbili sikioni na haraka isiyoisha. "Ng'eno, nipimie hii," nikamwambia. Foleni nzima ikaangua kicheko. "Hiyo ni majani mawili na chipukizi!" mmoja akasema, maana ndivyo tunavyoagizwa kuchuma. "Mpime haraka kabla hajanyauka!" Tukamweka Moraa ndani ya kikapu kitupu, tukatandika leso chini, Ng'eno akakitundika kwenye ndoana, akaangalia mshale, akasema bila kupumua, kama alivyosema kwa kila mtu siku nzima, "Sita na nusu, anayefuata!" Sita na nusu. Bado. Moyo ukashuka, lakini nikajiambia wiki moja ni ndogo.

Wiki ya pili mvua ilikuwa inanyesha tangu saa sita. Ng'eno akamtundika, mshale ukacheza, "Sita kasoro, anayefuata!" Wiki ya tatu hata barabara ilikuwa imegeuka mto, wachumaji wote wanatiririka, na Moraa amefunikwa na aproni ya mama yake. "Tano na nusu, anayefuata!" Nikamwomba arudie. Akarudia, amekasirika kidogo, maana kuna watu wanangoja na lori linakuja. "Tano na nusu, Omogusii," akaniita kwa kabila langu. "Mzani haudanganyi." Nikabaki nimesimama mvuani. Kwa macho yetu mtoto alikuwa anajaa mashavu. Mama Chebet, ambaye alizaliwa Siongiroi kwa watu wa ng'ombe na anajua uzito wa ndama kwa kumtazama, alimbeba jioni hiyo akasema, "Wei, Baba Moraa, hii lakwet, hii mtoto, imekuwa jiwe. Mgongo yangu inalia." Nikamwambia ni nguo zimelowa. Naandika hili nikiwa na mvi na bado naona aibu. Mtoto alikuwa mzito mikononi mwetu na mwepesi kwenye mdomo wa karani, na sisi tukaamini mdomo.

Ndipo nilipoingia wazimu. Kama kitu kimoja leo na kingine kesho hakitoshi, basi vyote leo. Nikawauliza watu, na watu wa huku ukiwauliza habari ya unga wa mtoto wanakuwa na maoni kama uchaguzi. Wa dukani akasema soya. Mwenye posho mill akasema mtama na mahindi ya njano. Mama mmoja wa kwaya akasema njugu na ufuta. Mwingine akasema omena, dagaa wale wakavu, wasagwe na vichwa vyao, maana nguvu iko kichwani. Mwingine mihogo, mwingine maharagwe, mwingine mbegu za malenge, na wimbi wangu, na wa mwisho akasema maziwa ya unga. Vitu kumi na kimoja. Nikapeleka vyote kusagwa pamoja. Yule mwenye mashine aliposikia omena wanaingia alifunga pua akasema, "Mzee, baada yako hakuna mtu atasaga hapa wiki mbili." Unga ulitoka na rangi ya saruji na harufu ya soko la samaki lililoungua. Nikaupika, na juu yake Mama Chebet akaniletea mursik kwenye kibuyu, maziwa yake yaliyolala na mkaa mpaka yakawa na rangi ya wingu. Watu wa huku wanayapenda kama uhai, na mimi nawaheshimu, lakini yalipoteleza kutoka kwenye kibuyu yakaangukia ule uji, pwaa, kwa bonge moja, nilikaza kile kitambaa puani. "Hii ndiyo inafanya watoto yetu wanakimbia," Mama Chebet akasema kwa fahari. Nikafikiri, nikipewa hii, hata mimi nitakimbia, plasta na yote.

Siku ya kwanza Moraa alichukua kijiko kimoja, akakaa nacho mdomoni, akanitazama, akakiachilia chote. Siku ya pili akafunga mdomo. Nyinyi mnaosoma mnajua mtoto akifunga mdomo, lakini huyu aliufunga kama benki Jumapili. Nikaimba. Nikapiga makofi. Nikabana pumzi, nikageuka ukutani, nikasukuma kijiko, nikakuta ufizi umekaza. Nilipofanikiwa kupenyeza, alitapika, na yaliyotoka yalinimwagikia kwenye plasta, yakaingia ndani ya plasta, mahali ambapo huwezi kuosha wala kukausha. Nililala na ile harufu wiki mbili. Nzi walinijua kwa jina. Wiki hiyo ikaisha, nyingine ikaanza, na siku mbili kabla ya kliniki Moraa alikuwa hakubali kijiko chochote, hata kitupu. Akikiona tu analia. Alikuwa ananyonya usiku na mama yake, basi. Kerubo alirudi siku hiyo saa tisa, amelowa, akakuta bakuli limejaa, mtoto analia, mimi nalia. Hakunigombeza. Alichukua mkoba ulio chini ya kitanda akaanza kukunja nguo za mtoto. "Mama Moraa," nikamwambia, "nipe wiki moja." Akasema bila kuinua kichwa, "Nilikupa mwezi. Kesho kutwa tunapita kliniki, tukitoka hapo sirudi nyumbani, napanda gari. Sitazika mtoto huku kwa kuona aibu ya kurudi kwetu."

Kwa hiyo tulienda kliniki, yeye na mkoba, mimi na magongo na flaski ya ule uji, kwa sababu nilikuwa bado na tumaini la kijinga kwamba labda njiani Moraa angeona njaa. Kwenye benchi kulikuwa na akina mama saba hivi, na nilipokaa wakasogea, wote pamoja, kama wimbi la watu, kwa sababu ya plasta yangu. Sista akamwita Moraa, akamvisha ile kaptula, akamtundika. Kerubo aligeukia dirishani. Nikasikia Sista anasema, "Kilo saba na robo."

"Sista, soma tena," nikasema. "Hiyo ni ya mwingine."

"Baba, mtoto ni mmoja hapa hewani. Saba na robo. Ameongeza vizuri sana. Kwani ulitaka nini?"

"Lakini juma lililopita alikuwa tano na nusu! Kabla ya hapo sita kasoro!"

Sista akavua miwani. "Ulimpima wapi?" Nikamwambia bandani, kwa karani, ndani ya kikapu. Kwenye benchi mama mmoja aliyevaa aproni ya kuchumia akashika mdomo wake. "Baba," Sista akasema polepole, "karani akipima majani anakata nini kwenye uzito?" Nikajibu kama mtoto wa shule anayejua jibu: kilo moja ya kikapu. "Na mvua ikinyesha?" Nikajibu tena, kilo moja ya maji, wakati mwingine moja na nu... Miaka sita nilikuwa nimechuma majani. Miaka sita nilikuwa nimesikia kilo iliyokatwa na kuiita kilo. Ng'eno mwenyewe alipoambiwa baadaye alishika kichwa akaapa kwamba hakujua anakata, mdomo wake ulikuwa unakata wenyewe. Walikuwa wamemkatia mtoto wangu mvua. Benchi lilipasuka kwa kicheko, akina mama wakaegemeana, mmoja akateleza chini kabisa, na mimi, bingwa wa kucheka wa Roret nzima, sikuweza, kwa sababu nilikuwa naangalia Kerubo na yeye hakuwa anacheka. "Sista," akasema, "hiyo kilo saba nimefurahi. Lakini mtoto hali. Siku ya nne leo. Akiona kijiko anapiga mayowe."

Kicheko kikafa. Sista akamshika Moraa, akambonyeza tumbo, akaangalia macho na ulimi. "Siku nne si mchezo," akasema. "Akiendelea hivi atashuka kweli, na safari hii si mzani wa majani. Anakataa nini?" Nikafungua flaski. Ile harufu ilitoka kama mtu aliyekuwa amefungiwa. Sista mwenyewe, aliyezika watu na kuzalisha watu, alirudi hatua moja nyuma. Nikamtajia vitu vyote kumi na kimoja, na mursik wa kumi na mbili. Akamimina kidogo kwenye kifuniko, akanipa. "Onja."

"Mimi?"

"Si ni chakula? Onja."

Muda wote ule sikuwa nimeonja hata kijiko kimoja. Maini sikuonja, yai sikuonja, hata ule uji wa kwanza wenye maji sikuonja. Nilikuwa napika kwa pua iliyofungwa na kulisha kwa uso uliogeuka. Nikaweka ulimi. Sitaeleza ladha yake. Kuna watoto wanaweza kusoma hapa. Niseme tu kwamba vichwa vya omena vilikuwa bado vina maoni. Nilikunja uso wangu wote, kuanzia nywele, nikatema dirishani, nikasikia Sista akisema, kwa ile sauti ya kanisani, "Sasa mwangalie binti yako." Nikageuka. Moraa alikuwa kwa mama yake, na uso wake mdogo ulikuwa umekunjwa hivyohivyo, mdomo umekazwa, pua imepanda juu. Ulikuwa uso wangu. Alikuwa hajaonja kitu. Alikuwa ananisoma tu. "Mtoto hajui chakula," Sista akasema. "Anajua uso wako. Umekuwa ukimwambia kila asubuhi kwamba unampa sumu, na yeye amekuamini."

Akamwaga flaski yangu nje, na nasikia nyasi pale hazikuota mwaka mzima. Yule mama wa aproni alikuwa na uji wake kwenye kopo, wimbi na maziwa, amepondea ndizi moja ndani, wa mtoto wake aliyekuwa amelala. Akatupatia, na vijiko viwili. Sista akampakata Moraa kando ya meza, akaniketisha mbele ya mtoto, karibu mpaka magoti yangu yakagusa miguu yake. "Wewe kwanza," akasema. "Na usikunje kitu." Nimeng'olewa jino bila sindano. Nimesimama darasani na mvi zangu kusoma kwa sauti mbele ya watu. Hakuna kati ya hayo lililokuwa gumu kama kile kijiko cha uji wa mtoto wa mtu mwingine, wenye ngozi, wenye nyuzi za ndizi, umepoa, huku akina mama saba wanautazama uso wangu kama mshale wa mzani. Nikakiingiza. Kikateleza. Nikameza, nikatabasamu, na nikasema "mmmh," neno la uongo kuliko yote niliyowahi kusema kanisani au nje. Kijiko cha pili. Moraa alikuwa amenyamaza. Alitazama kijiko, akatazama koo langu likishuka, akatazama mdomo wangu. Kijiko cha tatu sikumbuki kama nilidanganya. Kilikuwa kitamu kidogo. Na katikati ya hicho cha tatu, bila mtu kumwomba, alifungua mdomo wake, ukabaki wazi kama wa kifaranga, akangoja.

Nikampa. Nikampa tena. Alikula nusu ya kopo akipiga meza kwa kiganja, na nusu ya kila kijiko ikarudi kidevuni kama kawaida yake, mate na uji na kamasi kidogo, ikaanza safari ya kwenda shingoni, na mimi niliogopa ipotee, kwa hiyo nikaizoa kwa kidole changu. Kitambaa kilikuwa mbali. Kopo lilikuwa kwenye mkono mwingine. Kerubo ndiye aliyeona. Aliteremsha mkoba kutoka begani, akauweka sakafuni, akaukalia.

"Baba Moraa," akasema, "unajua umelamba nini?"

Sikuwa na nafasi ya kumjibu. Mtoto alikuwa amefungua mdomo.